Mstari wa Mama

Salha, siku ya arobaini na mbili
uliandikwa kilo nne na robo.
Sista Eliakunda alikuning'iniza kwenye mizani
pale Makorora, miguu imetoka matundu mawili
ya suruali ile ya turubai, unalia.
Akatia nukta kwenye kadi, akaiunga na nukta ya nyuma,
mstari ukapanda.
"Mtoto anaendelea vizuri."

Mimi sikuwa na kadi.

Nyumbani, barabara ya kumi na mbili, nilikandwa,
nikafukizwa, nikanyweshwa uji wa pilipili manga
hadi jasho likashuka mgongoni kama linatafuta mlango.
Bibi yako Mwanakombo alinifunga tumbo kwa kanga mpya,
akakaza, akasema, "Ukijilegeza utaharibika."
Niliharibikia juu zaidi, kanga isipofika.

Sikukuchukia. Lijue hili kabla ya mengine.
Nilikutazama kama mtu atazamavyo mzigo wa abiria mwenziwe
aliyemwambia, "Niangalizie, naja sasa hivi,"
na mwenziwe haji.
Ulipolia nilihesabu mabati.
Ishirini na sita. Moja lina kutu mfano wa sikio.
Usiku wa nne bila usingizi nililinong'oneza lile sikio
jambo ambalo sitaliandika hapa.

Wageni walileta sabuni, pampasi, visheti kwenye bakuli la mfuniko.
"Hongera, umepata chako!"
Nikacheka pale panapochekwa.
Mmoja alisema pepo. Mmoja, uvivu wa siku hizi.
Baba yako Hiza hakusema kitu. Alipangusa baiskeli
iliyokwisha kupangusika, akatia mnyororo mafuta,
akazungusha pedeli kwa mkono, tiki, tiki, tiki,
mwanamume mzima kajificha nyuma ya gurudumu.

Basi siku ile ya mizani,
foleni inasukumana mgongoni mwangu,
Sista akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chenji:
"Na wewe unalala?"
"Mtoto analala vizuri."
"Sijamuuliza mtoto."

Nililia hadi maziwa yakashuka, gauni likalowa mbele za watu.
Akanipeleka chumba cha nyuma, penye maboksi ya chanjo,
akauliza maswali kumi, polepole, kama anayechagua mchele:
Unacheka? Unajilaumu? Unaogopa pasipo na kitu?
La kumi lilikuwa lile nililoliambia bati.
Hakushtuka. Aliandika.
Akasema lina jina, lina dawa,
lina siku yake, Jumatano, na nije na mume.

Nyumbani nilisubiri masimango.
Bibi yako alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mkono ukasimama.
"Huyo mumeo," akasema, "nilimwacha ukumbini
toka adhuhuri hadi alasiri. Nikafunga mlango, nikakaa uani,
nikajiambia sina mtoto.
Jirani ndiye aliyemtoa.
Mimi hakuna aliyeniuliza."
Akaendelea. Nyama ya nazi ilikwisha, anakuna kifuu.

Sikupona Jumatano.
Jumatano ya kwanza ilinyesha.
Ya pili Hiza alibaki langoni, kashika baiskeli kama imeomba kushikwa.
Ya tatu aliingia, akavua kofia,
akaulizwa naye kama analala.
Alikaa kimya muda mrefu kwa swali dogo vile.

Vidonge vilinikausha mdomo. Siku nyingine nilirudi kwenye mabati.
Ila kila alfajiri bibi yako alikuchukua, hajaombwa,
akaniambia "Lala."
Ile "Jikaze" sikuisikia tena.

Miezi mitano unusu, ulipiga chafya
ukajishangaa mwenyewe, macho pima,
nikacheka
kabla sijajua ni mimi.

Kadi yako ninayo, imekunjika pembe.
Nyuma, penye nafasi, Sista alinichorea wangu:
unashuka, unashuka, unapanda kidogo, unashuka,
halafu unabadilika rangi.
Wino ulimwishia.
Akaazima kalamu nyekundu kwa jirani yake, akaendelea.